Nyuma ya kasha la Blood Money: nani hasa alikuwa bosi wa Mobb Deep?

Chukua kasha la CD ya The Infamous, ligeuze, halafu tafuta zile nembo ndogo za lebo, yaani kampuni za kurekodi, za chini kabisa ambazo macho ya wengi hayafiki. Utakuta Loud na RCA. Sasa chukua Blood Money, ligeuze vivyo hivyo. Hapo utakuta G-Unit na Interscope. Wachanaji ni wale wale, Mobb Deep, yaani Prodigy na Havoc wa Queensbridge, New York. Kati ya kasha la kwanza na la pili ilipita miaka 11, na humo ndimo ulimozaliwa ubishi ambao mashabiki wa rap ngumu hawajaumaliza mpaka leo: Mobb Deep walijiuza, hawakujiuza?

Mimi nilikuwa upande wa waliosema wamejiuza. Blood Money ilipotoka tarehe 2 Mei 2006, niliipata kwenye CD ya kunakili, jina limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Nikaisikiliza mara mbili mfululizo nikitafuta ule ubaridi niliouzoea, ile hali ya mtu kutembea kichochoroni usiku huku akisikia hatua nyuma yake. Ulikuwepo, lakini kwa vipande. Katikati yake kulikuwa na nyimbo za kumbi za starehe, na sauti ya 50 Cent, mchanaji mwenye lebo ya G-Unit, ikirudi kila baada ya muda kama mwenye nyumba anayekagua vyumba vyake. Nikaifungia. Ilichukua miaka, na kusoma kwingi kuhusu jinsi mikataba ya muziki wa Marekani inavyofanya kazi, ndipo nikaelewa kwamba nilikuwa na hasira sahihi ila nimeielekeza kusiko.

Neno "kujiuza" linatupa picha ya msanii aliyetoka kwenye kibanda cha wenyewe kwa wenyewe akaingia kwenye ghorofa la kampuni. Mobb Deep hawakuwahi kukaa kwenye kibanda. Tangu albamu ya kwanza walikuwa ndani ya ghorofa. Kilichobadilika mwaka 2005 ni aina ya mtu aliyewekwa kati yao na ghorofa hilo, na kwa maoni yangu hicho ndicho kinachosikika kwenye albamu.

Kabla ya hela kuwa nyingi

Albert Johnson, yaani Prodigy, na Kejuan Muchita, yaani Havoc, walikutana wakiwa wanafunzi wa sekondari ya sanaa huko Manhattan. Havoc alikuwa mtoto wa Queensbridge Houses, nyumba za serikali zilizofunguliwa mwaka 1939 kule Long Island City: majengo 96 ya matofali yenye makazi zaidi ya 3,000, mradi mkubwa kuliko yote ya aina yake Amerika Kaskazini. Hapo ndipo walipotoka Marley Marl, MC Shan na Nas. Mtu akichana ovyo Queensbridge hahitaji mhakiki wa gazeti kumwambia. Majirani watamwambia asubuhi.

Albamu yao ya kwanza, Juvenile Hell, ilitoka Aprili 1993 chini ya 4th & B'way, tawi la Island. Walikuwa na umri wa miaka 18 hivi. Waliletewa hata maprodyuza wenye majina kama DJ Premier na Large Professor, lakini albamu haikuuza na lebo ikawaacha. Naomba uliweke akilini tukio hilo, kwa sababu simulizi ya "zamani walikuwa huru, baadaye wakanunuliwa" inaanguka hapa hapa mlangoni. Walianza na kampuni kubwa, ikawatema wakiwa vijana wadogo.

Ndipo wakaingia Loud Records, kampuni ya Steve Rifkind iliyoanzishwa mwaka 1991. Loud nayo ilisambazwa na RCA, na RCA ilikuwa mali ya BMG, kampuni ya Kijerumani yenye matawi dunia nzima. Kwa hiyo kwenye karatasi hapakuwa na udogo wowote. Tofauti ilikuwa kwenye namna Rifkind alivyouza. Biashara yake ilitokana na vikosi vya vijana wa mitaani: wanabandika stika, wanagawa kanda nje ya kumbi, wanawapelekea madijei wa usiku wimbo kabla haujafika redioni mchana. Mashine ya namna hiyo haihitaji wimbo laini. Inataka wimbo ambao kijana wa mtaani ataona fahari kuupeleka kwa mwenzake. Ndiyo maana Loud iliweza kuwa na Wu-Tang Clan, Big Pun na M.O.P. chini ya paa moja bila kumlazimisha yeyote atabasamu.

The Infamous ilitoka tarehe 25 Aprili 1995. Q-Tip wa A Tribe Called Quest aliwasaidia kwenye baadhi ya biti na kuzipanga sauti, lakini sehemu kubwa ya biti aliitengeneza Havoc mwenyewe. Sikiliza Shook Ones Part II kwa spika nzuri, halafu puuza maneno kidogo. Kuna ile sauti nyembamba inayolia kwa juu, kuna besi nzito inayokuja kama mtu anayeshuka ngazi, na kuna kipande cha kinanda kilichopindwa mpaka hakitambuliki. Hakitambuliki kweli: wasikilizaji walihangaika zaidi ya miaka 15 kukitafuta kilikotoka, mpaka mwaka 2011 ilipobainika kwamba ni Jessica, wimbo wa Herbie Hancock, umekatwa na kubadilishwa sauti yake. Hiyo kazi ilifanywa na kijana ambaye hakuwa na mtu wa kumwambia "ongeza kiitikio hapa." Albamu ilifika nafasi ya 15 kwenye chati ya Billboard 200, ikapata dhahabu, yaani nakala 500,000. Kwa kampuni, hesabu ililipa bila kumgusa Havoc.

Na iliendelea kulipa. Hell on Earth ya 1996 ilifika nafasi ya 6. Murda Muzik ya 1999, pamoja na kuvuja na kuzagaa mitaani kabla haijatoka rasmi, ilifika nafasi ya 3 na kupata platinamu, yaani nakala milioni moja.

Ulaini ulianza nyumbani

Hapa kuna jambo ambalo mashabiki wenzangu hulipita haraka. Nyimbo laini za Mobb Deep hazikuanzia kwa 50 Cent. Mwaka 2001, wakiwa bado Loud, walitoa Hey Luv wakiwa na 112, kundi la waimbaji wa mapenzi kutoka Atlanta. Ni wimbo wa kumtongoza msichana, mchana kweupe, kwenye albamu ya Infamy.

Nini kilitokea? Mwezi Juni mwaka ule, kwenye tamasha la Summer Jam, Jay-Z aliweka kwenye skrini kubwa picha ya Prodigy akiwa mtoto, amevaa mavazi ya dansi. Bibi yake Prodigy alikuwa na shule ya dansi Queens, kwa hiyo mtoto kuvaa vile halikuwa jambo la ajabu hata kidogo. Lakini kwa mchanaji ambaye mtaji wake wote ni kuogopwa, picha ile ilikuwa pigo. Mwezi Septemba likafuata shambulio kwenye albamu ya Jay-Z, The Blueprint, likasikika dunia nzima. Infamy ilipotoka Desemba, ilifika nafasi ya 22 tu, kutoka nafasi ya 3 ya albamu iliyotangulia. Halafu mwaka 2002 Loud yenyewe, ambayo wakati huo ilikuwa imeshahamia mikononi mwa Sony, ikafungwa.

Jiweke mahali pao. Ufalme wako umechekwa hadharani, nyumba yako imefungwa, na redio za Marekani zimeshaanza kudai kiitikio cha kuimbwa kwenye kila wimbo wa rap. Walikwenda Jive, lebo ya Britney Spears na Backstreet Boys. Jive nayo usiione ya pop tu, maana ndiyo iliyomlea A Tribe Called Quest na KRS-One. Amerikaz Nightmare ya Agosti 2004 ilifika nafasi ya 4, na wimbo wake mkubwa, Got It Twisted, ulijengwa na prodyuza The Alchemist juu ya kipande cha wimbo wa Thomas Dolby, Mwingereza wa muziki wa vinanda vya umeme. Ulikuwa wimbo wa kuchezeka, na bado ulikuwa Mobb Deep. Baada ya albamu hiyo moja wakaachana na Jive.

Tukifika mwaka 2005, basi, tunaye kundi la watu wawili lenye miaka zaidi ya kumi kazini, limeshapita kampuni tatu, na limeshajaribu nyimbo laini kwa hiari yake. Ndipo 50 Cent anapobisha hodi.

Jinsi deni la lebo linavyofanya kazi

Kabla sijaendelea na 50, naomba tukae kidogo kwenye hela, maana bila hela hadithi hii haieleweki.

Msanii akisaini mkataba wa kawaida wa lebo kubwa Marekani, anapewa malipo ya awali. Wengi wetu tukisikia "amepewa nusu milioni ya dola" tunadhani ni mshahara au zawadi. Ni mkopo wa aina ya pekee. Haulipwi kwa kutoa fedha mfukoni, unalipwa kwa kukatwa mrabaha wa msanii, yaani fungu lake kwenye kila nakala inayouzwa, mpaka deni liishe. Na kwenye deni hilo huongezwa gharama za studio, mara nyingi sehemu ya gharama za video, na wakati mwingine hata za matangazo.

Tufanye hesabu ya kubuni, ili tuone umbo lake tu. Tuseme CD moja inauzwa kwa maduka kwa dola 10. Tuseme kundi lina mrabaha wa asilimia 14, yaani dola 1 na senti 40 kwa kila nakala. Ndani ya hizo maprodyuza wanachukua senti 40. Imebaki dola 1 kwa watu wawili. Sasa tuseme deni lote, malipo ya awali na studio na video, limefika dola 850,000. Maana yake lazima nakala 850,000 ziuzwe ndipo kundi lione dola yake ya kwanza ya mrabaha. Zikiuzwa 400,000, kampuni imepokea dola milioni 4 kutoka madukani, na kundi bado linadaiwa 450,000. Deni hilo halifi. Mikataba mingi huruhusu lihamie kwenye albamu inayofuata.

Ukilielewa hilo, utaelewa kwa nini kila mtu mezani anautaka wimbo wa redioni. Kampuni inautaka, na msanii naye anautaka, kwa sababu ndiyo njia pekee ya kutoka shimoni kabla hajazeeka.

Kuna chungu cha pili, nacho kina siri ambayo mashabiki wengi hawaijui. Mbali na mrabaha wa kurekodi, kuna fedha za utunzi. Hizi humfuata aliyeandika maneno na aliyetengeneza biti, na kwa kawaida haziguswi na lile deni la lebo. Kwenye rap, desturi ni mtengeneza biti kupata kama nusu ya utunzi na waandishi wa maneno kugawana nusu iliyobaki. Sasa angalia The Infamous tena. Havoc katengeneza biti, Havoc na Prodigy wameandika maneno, kiitikio ni chao wenyewe. Chungu chote cha utunzi, ukiondoa wenye vile vipande vya zamani, kinabaki nyumbani. Leta prodyuza wa nje, nusu ya wimbo ule imetoka. Leta mgeni aandike kiitikio, kipande kingine kimetoka. Ubadilishaji wa sauti tunaoulalamikia kama mashabiki ni ubadilishaji wa nani analipwa. Ni kitu kimoja, kimetazamwa pande mbili.

Bosi ambaye ni msanii

G-Unit Records ilianzishwa mwaka 2003, mwaka ule ule ambao Get Rich or Die Tryin' ya 50 Cent iliuza nakala 872,000 katika wiki ya kwanza. Mwaka 2005 albamu yake iliyofuata, The Massacre, ilivuka milioni moja kwa wiki ya kwanza. Hapakuwa na mtu wa rap mwenye nguvu kumzidi. Naye ni mtoto wa Queens, South Jamaica, amekua wakati Mobb Deep wakiwa wafalme wa wilaya ile. Sioni sababu ya kutilia shaka heshima yake kwao. Aliwasaini wao, akawasaini na M.O.P., wawili wengine wa rap ngumu kutoka Brownsville, Brooklyn.

Lebo ya msanii inakaa hivi: Mobb Deep wamesaini na G-Unit, G-Unit iko chini ya Interscope, Interscope iko chini ya Universal. Kila ngazi ina mkono wake kwenye kila CD inayouzwa. Msomaji wa Tanzania anaufahamu mpangilio wa msanii kuwa bosi wa wasanii wenzake kupitia Wasafi, na anajua pia uzuri wake: unapanda gari ambalo tayari liko kasi. Shabiki wa bosi anakuwa shabiki wako kabla hujafungua mdomo.

Kwa Mobb Deep ilitokea hivyo hasa. Kabla hata albamu haijatoka, walishirikishwa kwenye Outta Control, toleo jipya lenye biti iliyotoka kwa Dr. Dre, na wimbo ukafika nafasi ya 6 kwenye Billboard Hot 100. Fikiria kidogo: Shook Ones Part II, wimbo uliofungua filamu ya 8 Mile na ambao wachanaji wa dunia nzima wamejifunzia kazi, haukuwahi kusogea karibu na nafasi hiyo. Mtu asiyeona kishawishi hapo hajawahi kudaiwa kodi ya nyumba.

Lakini mpangilio huu una kasoro ambayo Loud haikuwa nayo. Steve Rifkind hakuwa mchanaji. Hakuwa na sauti yake ya kulinda, hakuwa na mtindo wa viitikio unaojulikana kwa jina lake. 50 Cent alikuwa navyo vyote, na ndivyo vilivyokuwa vinauza. Jengo zima la G-Unit lilisimama juu ya kipaji kimoja: uwezo wa 50 kutunga kiitikio cha kuimbika kwa sauti ya uvivu, juu ya biti safi, iliyong'arishwa, isiyo na vumbi. Sasa mlete Havoc, ambaye thamani yake yote ni vumbi. Bosi anapokupenda, anakupa kilicho chema kwake. Alichokuwa nacho 50 ni viitikio, akawapa viitikio.

Ndiyo maana Blood Money ina 50 mwenyewe kwenye nyimbo kadhaa, ina Tony Yayo, Lloyd Banks na Young Buck wa kambi ya G-Unit, ina Nate Dogg na Mary J. Blige. Have a Party, wimbo wa sherehe ukiwa na 50 na Nate Dogg, ungeweza kukaa kwenye albamu ya mtu yeyote wa G-Unit bila mtu kuuliza. Havoc hakufukuzwa kwenye meza ya biti, hata kidogo; alitengeneza kadhaa, na ukizisikiliza peke yake utaona hajapoteza mkono. Put Em in Their Place inapiga kwa hasira ya kweli. Ila nyimbo zimepangwa kwa namna ambayo kila ukianza kuzama, mtu anawasha taa.

Niseme na hili kwa Prodigy, maana huwa halisemwi kwa haki. Alizaliwa na selimundu. Kwetu Afrika Mashariki hatuhitaji kuelezwa sana. Tanzania peke yake inakadiriwa kuwa na watoto wapatao 11,000 wanaozaliwa na ugonjwa huo kila mwaka, na aliyewahi kukesha na mtoto mwenye maumivu yale anajua hayana mfano. Prodigy aliimba juu yake bila kuficha, kwenye albamu yake ya peke yake ya mwaka 2000. Mchanaji mwenye mkataba wa lebo Marekani si mwajiriwa. Hana mshahara wa mwezi, na kule bima ya afya kwa wengi hufuata ajira. Mtu mwenye mwili kama ule, mwenye umri wa miaka 30, akiletewa malipo ya awali na lebo yenye nguvu kuliko zote wakati huo, mimi sina mdomo wa kumwambia angekataa.

Matokeo, na namba zinavyodanganya

Blood Money ilifika nafasi ya 3 kwenye Billboard 200, sawasawa na Murda Muzik miaka saba nyuma. Ukitazama nafasi tu, utadhani mambo yalikuwa shwari. Ila wiki ile ya kwanza ziliuzwa nakala kama 106,000. Soko la CD lilikuwa limeshaanza kuporomoka, na nafasi ya 3 ya 2006 haikuwa nafasi ya 3 ya 1999.

Wengi walisema hiyo ni adhabu ya mashabiki. Mimi pia nilisema hivyo. Sasa panga wiki za kwanza za albamu za kambi ile kwa mfuatano: Lloyd Banks mwaka 2004, zaidi ya 430,000. The Game mwanzoni mwa 2005, wakati bado anahesabiwa mtoto wa nyumba, 586,000. Kisha 50 na Game wakagombana hadharani. Tony Yayo Agosti 2005, zaidi ya 200,000. Mobb Deep Mei 2006, 106,000. Lloyd Banks aliporudi Oktoba 2006 naye alishuka hadi 143,000 hivi. Mteremko huo haukusababishwa na watu wa Queensbridge. Walipanda gari kasi ikiwa imeshaanza kuisha. Machi 2006, mwezi mmoja na siku chache kabla ya Blood Money, T.I. wa Atlanta aliuza zaidi ya 520,000 kwa wiki moja. Redio ilikuwa imeshahama mji. Mobb Deep walibadilisha sauti ili waingie kwenye mtindo wa mwaka 2003, wakafika 2006.

Hilo ndilo linaloniuma zaidi ninapoisikiliza albamu hii leo. Iliwekwa mguu mmoja kwa shabiki wa zamani na mguu mmoja kwa msikilizaji wa redio, na msikilizaji wa redio alikuwa ameshaondoka.

Lakini wako waliopata kibaya zaidi. M.O.P. walisaini lebo ya Roc-A-Fella baada ya Loud kufungwa, hawakutoa albamu. Wakaja G-Unit, hawakutoa albamu. Miaka ikapita kati ya Warriorz ya 2000 na Foundation ya 2009 wakiwa wanachama wa kambi kubwa kuliko zote za New York, na kwa mashabiki hakuna albamu ya kambi hizo ya kushika mkononi. Mkataba wa kipekee unamzuia msanii kurekodi albamu kwingine bila ruhusa. Haumlazimishi bosi kuitoa. Ukilinganisha na hilo, Mobb Deep angalau walipata CD yenye jina lao.

Kisha Machi 2007, chini ya mwaka mmoja baada ya Blood Money, Prodigy akatoa Return of the Mac. Ilitoka Koch, kampuni ya kujitegemea ya New York ambayo wachanaji wa lebo kubwa walizoea kuidharau kama makaburi ya wazee. Biti zote The Alchemist, vipande vya muziki wa filamu za watu weusi za miaka ya 1970, kiitikio akikikumbuka anaweka, asipokikumbuka anaendelea. Koch walikuwa wanatoa malipo madogo ya awali na kumwachia msanii fungu kubwa zaidi kwa kila nakala. Deni dogo, kwa hiyo hakuna wa kumlilia wimbo wa redioni. Nenda kaisikilize usiku huu. Mchanaji yule yule, kinywa kile kile, karibu miezi kumi na moja baadaye, na amerudi kuwa wa kutisha. Kama Prodigy angekuwa amekwisha kipaji, kama tulivyodai, albamu ile isingewezekana.

Mwaka huo huo alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu na nusu kwa kosa la kumiliki bunduki, akatoka Machi 2011. Akiwa bado ndani, mwaka 2009, kundi liliachana na G-Unit. Mwaka 2014 wakatoa The Infamous Mobb Deep kupitia lebo yao wenyewe, wakaifunga pamoja na rekodi za mwaka 1994 ambazo hazikuwahi kutoka. Prodigy alifariki tarehe 20 Juni 2017 mjini Las Vegas, baada ya kulazwa kwa matatizo ya selimundu. Alikuwa na miaka 42.

Tarehe 10 Oktoba 2025 ikatoka Infinite, albamu ya Mobb Deep iliyojengwa kwa sauti alizoziacha. Ligeuze kasha lake utafute nembo: Mass Appeal. Mmoja wa wenye kampuni hiyo ni Nas. Kwa mara nyingine, basi, lebo ya msanii, bosi anayechana, na bosi huyo anasikika ndani ya albamu. Tofauti iko kwenye mstari wa maprodyuza. Mmoja ni The Alchemist, na mwingine ni Havoc.